Reli iliyokatika: ni chanzo cha treni kuacha njia, au ni matokeo yake?

Abiria wa Daraja la Tatu:
Habari zenu ndugu. Kila treni inapoacha njia, picha ya kwanza kusambaa huonyesha mabehewa yamelala ubavu na pembeni kipande cha reli kilichokatika, na kabla jua halijazama watu wameshahitimisha kwamba reli ilikuwa mbovu. Lakini behewa lenye tani nyingi likishatoka njiani, si linaweza lenyewe kukata reli na kung'oa mataruma, yale magogo yanayobeba reli? Wachunguzi wanajuaje kipi kilitangulia?

Fundi Njia Mstaafu:
Umeuliza vema, kijana wangu. Jambo la kwanza tulilofundishwa ni kuyapa mgongo mabehewa yaliyoanguka na kutembea kuelekea treni ilikotoka, hadi tuione alama ya kwanza. Ukingo wa gurudumu unapopanda juu ya reli huacha mchirizi mwembamba unaong'aa, unaokatiza kwa mshazari kichwa cha reli, yaani sehemu ya juu inayokanyagwa na magurudumu, na mbele yake utaona mataruma yaliyochubuliwa na skrubu zilizokatwa. Ukiukuta mchirizi huo mita mia kadhaa kabla ya mahali reli ilipokatika, basi reli hiyo ilivunjwa na treni ambayo tayari ilikuwa nje ya njia.

Usipoukuta, zitazame ncha mbili za reli. Ikiwa ilikatika mapema, magurudumu ya mbele huwa yamepita salama, kila moja likiigonga kama nyundo ile ncha inayoyapokea, mpaka pembe yake ibonyee na kuviringika. Nayo magurudumu hubaki na makovu yanayolingana na kipigo hicho. Ufa wa siku nyingi huwa umefifia, pengine una kutu, na mara nyingi una mistari kama ile ambayo maji kupwa huiacha mchangani, ilhali sehemu iliyokatika siku ile hung'aa kwa chembechembe. Ndiyo maana vipande vyote huokotwa, wala haviruhusiwi kugusanishwa ili kuona kama vinaoana, kwani kufanya hivyo huzisaga alama zenyewe.

Nilishuhudia ajali moja ambapo kreni ilifika kabla ya kamera, kwa kuwa wakubwa walitaka njia ifunguliwe kabla ya asubuhi. Vipande vilirundikwa kwenye behewa la kokoto, na hadi leo sijui jibu lake.

Mhandisi Mitambo:
Naungana na mzee. Huko Hatfield, Uingereza, Oktoba 2000, reli ilivunjika vipande zaidi ya 300 na watu 4 wakafariki. Chanzo kilikuwa nyufa za uchovu wa chuma, yaani chuma kuchoka kwa kubebeshwa mzigo tena na tena, kwenye kichwa cha reli, tena nyufa ambazo zilikuwa zikijulikana.

Ila tusiishie kwenye reli. Eschede, Ujerumani, tarehe 3 Juni 1998, treni ilivunjikia penye daraja na watu 101 wakapoteza maisha, lakini tatizo lilianza karibu kilomita 6 nyuma, pale pete ya chuma iliyozunguka gurudumu moja ilipokatika na kutoboa sakafu ya behewa. Treni iliendelea kwa takriban kilomita 200 kwa saa hadi pete hiyo iliponasa kwenye swichi ya reli, pale njia inapogawanyika. Ufa wake ulianzia upande wa ndani wa pete, mahali ambapo jicho la mkaguzi halifiki.

Abiria wa Daraja la Tatu:
Ahsanteni sana. Na pale tunapoambiwa kwamba dereva alikimbiza treni?

Mhandisi Mitambo:
Kasi husomwa kwenye kinasa mwendo, kwa hiyo haina ubishi mkubwa. Santiago de Compostela, Hispania, Julai 2013, treni iliingia kwenye kona ya kilomita 80 kwa saa ikiwa na 179, muda mfupi baada ya dereva kuongea kwa simu na mwenzake wa ndani ya treni. Mimi, hata hivyo, siridhiki na ripoti inayokomea kwa dereva: kona ile haikuwa na mtambo wa kuipunguza kasi treni iliyopitiliza, na hilo nalo ni chanzo.

Fundi Njia Mstaafu:
Kweli kabisa. Nawe kijana, ukijikuta eneo la tukio, majeruhi wakishahudumiwa, usipoteze picha zako zote kwenye mabehewa. Nenda nyuma ya behewa la mwisho, upige picha ya njia yenyewe kabla kreni haijafika.