Tupeane uzoefu: fildi yenye posho kwenye makumbusho ya sanaa

Mleta mada (Newala)
Wakuu, salaam. Mdogo wangu yupo chuo mwaka wa pili, kapata fildi (mafunzo kwa vitendo) Julai hadi Septemba kwenye makumbusho ya sanaa Dar, na barua inasema kuna posho. Jana usiku nimemkuta analia. Posho inatoka mwisho wa mwezi, kuripoti ni Jumatatu, na Julai mnaijua huku kwetu: hela yote imeishia kwa vibarua wa kupulizia mikorosho, mnada wa kwanza mpaka Oktoba. Waliopita huko, tupeane uzoefu. Mliishije mwezi wa kwanza?

Mkazi wa Mtanda
Mihogo na dagaa, mkuu. Mwezi mzima.

Binti Chuno
Umenitonesha kidonda. Mimi nilifanya kwenye jumba moja la sanaa, jina naliacha. Posho elfu tano kwa siku, usipoonekana siku hiyo huna chako. Wiki ya pili msimamizi akanifungulia stoo, vinyago vimejaa hadi dirishani, vumbi tupu. Akasema, "Ving'arishe, Alhamisi tuna wageni." Akaondoka. Hakuna aliyenionyesha kitu.

Nikaenda dukani kwa hela yangu, nikanunua kiwi nyeusi makopo matatu. Nikaanza na ujamaa mmoja mkubwa wa mpingo, ule wa watu waliobebana kuanzia wazee mpaka vichanga. Ukang'aa. Nikafurahi kweli, nikapiga na picha. Halafu nikachukua lipiko la zamani, kile kinyago cha Kimakonde cha kuvaa kichwani wakati wa ngoma, lina chale usoni, udongo mwekundu, nywele za watu zimegandishwa kwa nta. Nikalipaka. Ule wekundu ukahamia wote kwenye kitambaa. Nikasugua nirekebishe, nywele za utosini zikang'oka. Nikakaa chini sakafuni nalo mapajani, sijui niite nani.

Alhamisi wageni wakaja na mzee mmoja, mchongaji. Akalishika, akalinusa. "Nani kalipaka dawa ya viatu?" Nikasema, shikamoo babu, ni mimi. Hakunifokea. Aliligeuza, akanionyesha kwa ndani, mti umelainika kwa vichwa na jasho la wachezaji wa miaka mingi. Akasema, "Huku hujafika, mjukuu wangu. Huku usifike." Nililia mbele ya wageni. Msimamizi akanikata posho ya wiki nzima. Mpaka leo nikisikia harufu ya kiwi naliona lile lipiko.

Mkazi wa Mtanda
Duh. Pole sana dada.

Fundi Patasi
Pole binti. Kosa ni la aliyekukabidhi stoo bila kukufundisha. Wengine wajue: lipiko halichongwi kwa mpingo, lingevunja shingo ya mchezaji. Ni mti mwepesi, unanyonya kila unachopaka. Na mpingo halisi hauna haja ya kiwi, kiini chake ni cheusi chenyewe na ukikitupa kwenye maji kinazama. Kiwi ni ya wanaouza mti mweupe uliopakwa rangi. Vumbi linaondolewa kwa brashi laini kavu, basi.

Mjomba wa Nanyamba
Mimi nauliza jingine. Mtoto wa kike anapewaje lipiko alishike? Lile ni la jando. Mama zetu walikuwa wanakimbia likitokea.

Binti Chuno
Mjomba, nilitumwa kazi. Ningekataa, ningekosa ile elfu tano na alama za chuo.

Fundi Patasi
Mjomba, likishauzwa na kuwekwa stoo, nani atalilinda kama si hao wanafunzi?

Mjomba wa Nanyamba
Aliyeliuza ndiye wa kulaumiwa. Lakini wangemuuliza mzee kwanza. Hilo silitoi.

Mkazi wa Mtanda
Turudi kwenye mada jamani, mtoto anaripoti Jumatatu.

Shangani Mtwara
Hoja ya lipiko si ndogo. Mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibwa Makumbusho ya Taifa, kikaja kuonekana Geneva, kikarudishwa 2010. Miaka 26. Kitu cha thamani hiyo, anayekisafisha analipwa nauli tu! Marekani nako makumbusho mengi yalikuwa hayalipi wanafunzi wa fildi, mpaka Juni 2019 chama cha wakurugenzi wa makumbusho ya sanaa kikapitisha azimio kwamba walipwe. Bila malipo, wanaoingia ni watoto wa wenye nacho tu. Mwaka uliofuata makumbusho ya Metropolitan ya New York yakapata dola milioni 5 za kuwalipa wanafunzi wake wote wa fildi. Mdogo wako asione aibu kuomba alipwe kila wiki.

Mkazi wa Mtanda
Asiombe, watampa mwingine. Akope nauli, avumilie.

Fundi Patasi
Aombe, tena kwa barua. Na akiona unga unga chini ya kinyago, ni dumuzi, wadudu wanaotoboa mti: akifunge kwenye nailoni, akiweke kwenye friza kali wiki mbili.

Mjomba wa Nanyamba
Friza lenyewe wanagandishia samaki.

Mleta mada (Newala)
Mjomba mmoja kanipigia, katoa nauli. Imebaki chumba.

Binti Chuno
Mimi nipo Mbagala sasa. Chumba kimoja, ila godoro lipo. Niandikie pembeni, ashukie Rangi Tatu nitampokea. Brashi nitampa ya kwangu.