Mrejesho: hita kuzimika katikati ya dhoruba ya theluji, Buffalo (jiji la New York, Marekani)

Wakuu, niliuliza kwa nini hita ya gesi ya kupasha nyumba joto inazimika theluji ikizidi. Shemeji ndiye aliyepatia: theluji ilikuwa imeziba mabomba mawili ya plastiki ukutani nje, la kuvuta hewa na la kutoa moshi, swichi ya presha (ya usalama, huhisi hewa isipopita vizuri) ikakata gesi. Fukueni kwa mkono au ufagio, kama sentimita 30 kila upande. Beleshi la chuma hupasua plastiki iliyoganda. Kisha zima hita, subiri dakika chache, washa. King'ora cha kaboni monoksidi (gesi ya sumu isiyo na harufu) kikilia, tokeni nje kwanza.

Jiko la mkaa ndani, kama alivyoshauri ndugu mmoja? Hapana, linatoa gesi hiyohiyo, linaua.

Jirani naye kaongeza, ili maji yasigande kwenye mabomba nyumba ikipoa: acha bomba la sinki lidondoshe maji kidogo kidogo, na kabati la chini yake liwe wazi lipate joto.