Kutuni konga kwa sikio: nisikilize nini hasa?

MkonoMzito
Hamjambo wakuu. Nina konga tatu, zile ngoma ndefu za kupigwa kwa mikono: za mbao, ngozi ya ng'ombe, boliti tano kila moja. Programu ya simu ya kupimia noti inarukaruka: mara G, mara B, mara kimya. Quinto, ile ndogo, nikiikaza, pigo la kofi linatoka kali lakini mlio wa wazi unayumba, wa-wa-wa. Tena nikizipanga alasiri, saa tatu usiku zishalegea. Nianzie wapi?

FundiWambo
Kaka, simu iweke mfukoni. Ngozi hailii kama uzi wa gitaa. Vijisauti vyake vya juu havikai kwa mpangilio wa noti, na programu hushika hiki mara kile.

Hiyo wa-wa-wa ndiyo ya kutibu kwanza. Upande mmoja umekaza kuliko mwingine, kwa hiyo sauti mbili zinazokaribiana zinagongana. Kabla hujaiondoa, usitafute noti.

Legeza nati zote, kisha zirudishe kwa vidole hadi ziguse. Tazama pete ya chuma: umbali wake na mdomo wa ngoma uwe sawa kote. Sasa shika spana (nyingi ni nusu inchi, ya 13 hukamata), robo mzunguko kila nati, ukizunguka ngoma nzima. Usikae kwenye nati moja ukaikazia hapo. Pete itakwenda upande. Kila duru ikiisha, gonga kwa ncha ya kidole sentimita 3 hivi kutoka ukingoni, mbele ya kila boliti. Panapolia chini, ongeza kidogo. Ukipitiliza, legeza zaidi ya unavyotaka, halafu panda tena, maana nati iliyoachwa ikishuka hailali vizuri.

Zile mbili nyingine zifunike kitambaa. Zinaitikia, na sikio linadanganyika.

SautiYaPili
Nyongeza kuhusu noti. Anza na konga ya kati. Ipandishe taratibu: mwanzo inavuma kama debe, kisha inafika mahali mlio unafunguka, mbao na ngozi zinaitikiana. Ukizidi hapo mlio unakauka, unabaki ukali tu. Mahali palipofunguka ndipo do yako, mara nyingi karibu na C.

Mliopita kwaya mnaijua so-do. Imba do, shuka hadi so ya chini, ishike kooni, kisha pandisha tumba, ile kubwa, mpaka mlio wake uzame ndani ya sauti yako. Hiyo ni G. Quinto ipe mi. Wengine huipeleka hadi so ya juu, lakini kwa ngozi ya ng'ombe iliyozeeka mimi singethubutu. Ngoma ikilia sana hupasuka.

Piga mlio wa wazi, vidole vyote pamoja, ukingo ukiangukia kwenye mashina ya vidole. Na ngoma iinamishe kidogo au iweke kwenye stendi. Ikiketi bapa sakafuni besi inazibwa, utadhani ngozi ndiyo mbovu.

MkonoMzito
Shukran. Na kule kulegea usiku? Niziote moto kama msondo?

FundiWambo
La, usithubutu. Msondo ni gogo moja. Konga yako ni vipande vya mbao vilivyogundishwa, moto utaviachanisha.

Ni unyevu tu. Ngozi inakunywa hewa ya bahari, na msimu wa mvua za Aprili na Mei ndio balaa. Zifikishe mahali pa kupigia nusu saa kabla ya kutuni, zizoee hewa ya hapo. Ukumbi wenye eisi hufanya kinyume: ngozi inakauka, sauti inapanda yenyewe, kwa hiyo acha chini kidogo. Nje usiku, beba spana, na katikati ya onyesho ongeza robo kila nati, zote sawa.

Ukimaliza kupiga, shusha kila nati mizunguko miwili, uihesabu. Kesho utairudisha mahali pale pale bila kuhangaika. Uzi wa boliti upake grisi kila mwezi. Chumvi ya hapa hula chuma, na nati yenye kutu hukwama ukadhani ngozi imekaza.

SautiYaPili
Ukitaka kuepuka yote hayo weka ngozi ya plastiki, hailegei. Lakini kofi lake ni jembamba.