Nauza nyumba Dar, nahamia Dodoma: nianze na tangazo au na mizigo?

Mkazi wa Kimara
Wakuu, habari za humu. Nyumba ni ya vyumba vitatu, ina hati, na familia inaishi humohumo. Kazi inahamia Dodoma na watoto wawili wa msingi wanatakiwa darasani Januari. Dalali anasema tuhame kwanza, eti nyumba tupu inatoka haraka. Mke wangu anasema tuuze kwanza, maana kodi ya nyumba ya kupanga Dodoma itatoka kwenye hela hiyohiyo. Tupange vipi?

Karani wa Hati
Mkuu, kabla ya yote mawili kuna makaratasi. Omba upekuzi rasmi wa hati kwa Msajili wa Hati, uone daftari linasema nini juu ya nyumba yako. Kinachokwamisha wengi ni rehani ya zamani: mkopo uliisha, benki ikarudisha hati, lakini rehani haikufutwa kwenye daftari. Mnunuzi akiikuta anarudi nyuma.

Halafu kodi ya pango la ardhi, ile ya kiwanja inayolipwa serikalini kila mwaka. Watu huichanganya na kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Hizo ni mbili tofauti, na deni la pango linazuia uhamisho.

Mkeo asaini ridhaa mapema. Nyumba ya familia inalindwa na kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971, hata kama hati ina jina lako peke yako.

Na TRA, mamlaka ya mapato: kwa mkazi wa Tanzania, kodi ya faida ya mauzo ni 10% ya faida, si ya bei. Kama nyumba ilikugharimu milioni 60 ukauza kwa 95, faida ni 35, kodi ni milioni 3.5. Tafuta risiti za saruji, nondo na mabati sasa hivi, kabla hazijapotelea kwenye maboksi ya kuhama. Gharama isiyo na karatasi ni ngumu kuitetea.

Mama Mipango
Dalali wako anaangalia kamisheni yake. Nyumba tupu inataka mlinzi, koki na nyaya zinang'olewa, na mnunuzi akishajua mmeondoka anashusha bei. Mkae ndani, ila mpunguze vitu: kabati la ziada, magodoro ya wageni, vyuma vya uani. Vyumba vitaonekana vikubwa bila kuvihama.

Shemeji naye ana hoja, ila hela ya nyumba huja kwa awamu na mara nyingi huchelewa. Dodoma mwenye nyumba atataka miezi sita mbele au mwaka. Kodi ya laki nne kwa mwezi, kwa miezi sita, ni milioni 2.4 kabla hujashusha hata kiti. Hiyo pamoja na lori viwe kwenye mfuko mwingine.

Anza na Januari, urudi nyuma. Barua za uhamisho wa shule Oktoba au Novemba, nyumba ya kupanga Novemba, mizigo katikati ya Desemba shule zikishafunga. Kwenye mkataba wa mauzo andikeni tarehe ya kukabidhi funguo, kwa mfano siku 45 baada ya malipo makubwa, na kiasi ambacho mnunuzi atabaki nacho mpaka siku hiyo. Maneno "muuzaji atahama mapema iwezekanavyo" yafuteni. Hayo ndiyo huzaa kesi. Na funguo zisitoke kwa awamu ya kwanza, hata mnunuzi awe mpole vipi.

Mkazi wa Kimara
Asanteni sana. Na AC mbili na simtanki, naondoka navyo?

Fundi Baridi
Kilichofungwa ukutani mnunuzi anakihesabu chake. Orodhesha kwenye mkataba kinachobaki na kinachoondoka: AC, hita ya maji, pampu, simtanki, dishi.

AC ukiondoka nayo, fundi airudishe gesi kwenye mashine ya nje. Iwake upande wa baridi, afunge valvu ya bomba jembamba, asubiri kama dakika moja, afunge ya bomba nene, kisha azime papo hapo. Akikata mabomba bila hivyo, gesi yote inakwenda hewani na Dodoma utajaziwa upya.

Friji izimwe siku moja kabla, ikauke, isafiri imesimama. Ikilazwa, isimamishe saa kadhaa kabla ya kuiwasha ili oili irudi kwenye kompresa.

Siku ya funguo, piga picha mita ya maji na mita ya LUKU, mnunuzi akiwepo.