Bustani ya kuwakumbuka waliokuja kukata mkonge, tuiite nani na tuweke nini?

MjukuuWaMkata
Habari zenu wana Tanga. Mtaani kwetu huku Ngamiani tumekubaliwa kiwanja kidogo cha kona tufanye bustani ya kupumzikia, na wazee wanataka iwe ya kuwakumbuka watu waliokuja kutafuta kazi wakabaki hapahapa. Babu yangu Mha, katoka Kigoma kuja kukata mkonge, na ukipita nyumba kwa nyumba utakuta huyu Mrundi, yule Mmakonde wa Msumbiji, hawa Wabena, Wanyamwezi, Wangazija, Washihiri. Sasa jina limetushinda. Kuna wanaotaka Bustani ya Wahamiaji, kuna wanaotaka Bustani ya Manamba, lile jina walilokuwa wakiitwa vibarua wa mashambani, halafu bibi mmoja kasimama kikaoni kasema hilo la manamba alitukaniwa nalo tangu mtoto hataki kulikuta limeandikwa getini. Na je kwenye eneo dogo hivyo tuweke nini? Naombeni mawazo.

Mgosi wa Barabara ya 9
Mi namuunga mkono bibi. Ila Wahamiaji nalo hapana, siku hizi mtu akilisikia anawaza wale wanaokamatwa kwenye malori. Wazee wetu waliitwa waje jamani! Mkonge wenyewe mgeni, yule Mjerumani Hindorf kaagiza miche 1,000 toka Florida mwaka 1893 ikapona 62 tu, mashamba yalivyotapakaa watu hawatoshi ndo wakaanza kufuatwa huko bara, mpaka 1944 wenye mashamba wakaunda SILABU, ofisi yao kabisa ya kuandikisha vibarua na kuwasafirisha. Hayo ya manamba yaandikwe ndani kwenye maelezo, vijana wajue wazee walifanywaje, lakini getini wekeni Bustani ya Wakata Mkonge.

Mama Chumbageni
Wakata mkonge peke yao? Na walioanika singa, zile nyuzi za mkonge, je, walioshika mashine ya brashi ya kuzisafisha kiwandani, waliopika wakazaa wakalea huko kambini, hao wanaingia wapi? Halafu Mshihiri na Mngazija hawajakata mkonge. Mi naona Bustani ya Waliofika, kila mtu anaingia. Na jambo lingine nawasihi sana, msiandike jina la mtu na alikotoka bila kuuliza familia yake. Zipo familia mpaka leo hazipendi kutaja asili ya Burundi au Msumbiji, wanaogopa kesho mtoto akienda kuomba kitambulisho aambiwe si raia. Pitieni nyumba moja moja, muulize, anayetaka aandikwe aandikwe, asiyetaka mheshimuni.

Fundi Terazo
Nimefanya kazi za hivi. Cha kwanza msiweke kibao cha shaba wala alama ya chuma chepesi, cha shaba wa vyuma chakavu wataondoka nacho usiku na hicho kingine chumvi ya bahari itakila. Majina yachongwe kwenye terazo, yajazwe rangi ya saruji nyeusi, yakichakaa unasugua tu yanarudi. Badala ya sanamu katikati jengeni baraza ndefu ya kukalia inayozunguka ukuta, majina yawe kwenye mgongo wa baraza usawa wa macho ya mtu aliyekaa, na mbao za bao mzifinyange humohumo kwenye saruji wazee wapate kucheza. Mkipata gurudumu la korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge kutoa singa, toka shamba lililofungwa lisimikeni kwenye zege, lile zito halibebeki. Mkonge pandeni miwili mitatu tu ndani ya kizingo kirefu maana ile miba ya nchani inatoboa jicho la mtoto. Kivuli mwarobaini, mkungu mzuri ila mizizi yake itawapasulia sakafu.

Mgosi wa Barabara ya 9
Mama Chumbageni umenishinda, hilo la wanawake sikuliona. Waliofika ni jina zuri, naliunga mkono.

MjukuuWaMkata
Asanteni sana. La kuuliza familia halikuwepo kabisa kwenye mpango wetu, nalipeleka kikaoni Jumamosi baada ya alasiri na tutagawana nyumba za kupita kabla ya kugusa ramani. Fundi, baraza ya mita kama 20 hivi na terazo mgongoni, saruji nyeupe itakwenda mifuko mingapi?

Fundi Terazo
Inategemea unene, nitumie vipimo vya ukuta inboksi nikupigie hesabu. Na nusu ya mgongo iacheni wazi, majina yataendelea kuja hata mkishamaliza kujenga.