Programu inaganda zaidi ya dakika kwenye "inakagua leseni", tatizo nini?

Mchoraji22
Wakuu habari za saa hizi. Nina programu ya kuchorea ramani, leseni tumelipia kihalali kabisa na iko kwenye seva ya ofisi, sasa kila nikiifungua kile kidirisha cha mwanzo kinasimama palepale pameandikwa inakagua leseni. Nimepima kwa simu mara nne, sekunde 63, 64, 63, 63. Ikishafunguka haina shida inakimbia tu. Kompyuta mpya, SSD, RAM 32GB. Cha ajabu nikizima waifai haichukui hata sekunde mbili inaniambia leseni haijapatikana. Asubuhi naibonyeza naenda kunawa uso narudi bado imeganda, nisaidieni.

Kobe_Mbio
Ongeza RAM mkuu hizo programu zinakula sana

Mchoraji22
32 bado haitoshi?? Nimeangalia Task Manager ikiwa imeganda, prosesa iko asilimia 0 au 1. Haifanyi kazi yoyote, imekaa tu.

waya_mbovu
"Imekaa tu" ndo jibu lenyewe, inasubiri mtandao. Na hiyo 63 yako igawanye kwa 3 uone, unapata 21. Kwa kawaida Windows ikijaribu kuunganisha TCP (njia ya kompyuta mbili kuunganishwa mtandaoni) kwenye anwani isiyojibu inatuma pakiti, yaani kijiujumbe cha kuomba kuunganishwa, inasubiri sekunde 3, inatuma tena inasubiri 6, inatuma ya mwisho inasubiri 12 ndo inakata tamaa, jumla 21. Nahisi kwenye orodha yako ya seva za leseni kuna seva tatu zilishakufa na programu inazipigia hodi moja baada ya nyingine mpaka ifike kwenye iliyo hai. Ukizima waifai Windows inajua papo hapo hakuna njia ya kutokea, ndo maana unajibiwa haraka.

Fanya hivi, anzisha programu, ikiganda nenda command prompt andika netstat -ano (inaonyesha mashine yako inaongea na anwani zipi), rudia rudia kila baada ya sekunde kadhaa, tafuta mstari wenye SYN_SENT, yaani ombi limetumwa halijajibiwa, utuambie unaona anwani gani.

nyundo
Weka crack kaka, ile ya kuruka leseni, uendelee na maisha. Mwizi anafungua kwa sekunde tano, aliyelipa ndo anasubirishwa mlangoni 😂

waya_mbovu
Hapo kwenye mwizi umesema kweli tupu na inauma. Ila crack kwenye mashine ya kazini hapana, hujui wameingizia nini ndani, na shida yenyewe ni mistari mitatu kwenye faili.

Mchoraji22
Waya_mbovu we mchawi?? Nimekaa na netstat kama navua samaki, SYN_SENT ya kwanza anwani inaishia na .14, baadaye ikahamia .15, halafu .16, mwisho ESTABLISHED (imeunganishwa) kwenye .40 na programu ikafunguka. Nimempigia jamaa wa IT anasema hizo tatu ni seva za zamani zilishang'olewa kitambo. Ila swali, kama hazipo si ingekataliwa palepale, kwanini isubiri?

waya_mbovu
Kukataliwa kunahitaji mtu wa kukukatalia. Mashine ikiwa hai ila poti (mlango wa huduma husika) imefungwa inakurudishia jibu la hapana na mambo yanaisha mapema. Mashine ikiwa haipo, au firewall (ukuta wa ulinzi wa mtandao) inameza pakiti kimyakimya, hakuna anayejibu, utasubiri mpaka muda uishe. Na usidanganyike na ping (ile ya kupima kama mashine inaitika), seva inaweza kujibu ping vizuri huku poti ya leseni haifiki.

Mwambie IT afute hizo tatu kwenye faili la mipangilio ya leseni, akiogopa kufuta basi .40 ikae juu kabisa. Muhimu arekebishe na kwenye nakala wanayotumia kuinstolia mashine nyingine, la sivyo mwenzako atakuja hapa na 63 yake.

Mchoraji22
Amefuta. Sekunde 9 tangu naibonyeza mpaka inafunguka yote!! Nimefungua na kufunga mara tano kama mtoto. Asante sana mkuu.

pengwini_k
Shukuru uko Windows. Mimi Linux, ile tcp_syn_retries (mara ngapi irudie kupiga hodi) ikiwa 6 kama inavyokuja, seva MOJA mfu inakuweka zaidi ya dakika mbili. Mwezi mzima nilidhani diski inakufa, nikanunua nyingine.

nyundo
Hiyo ya zamani unauza bei gani