Matawi Mabichi ya Majilio: Je, Tawi Lililokatwa Laweza Kuhubiri Uzima wa Milele?

Mwalimu wa Watoto anauliza:

Wapendwa katika Bwana, nawasalimu.

Nimepewa jukumu la kuwaeleza watoto wa shule ya Jumapili maana ya shada la Majilio, yaani lile duara la matawi mabichi linalobeba mishumaa minne. Mishumaa haikunipa shida, kwa sababu kila Jumapili tunaongeza mwanga mmoja mpaka tufike Noeli, na hata mtoto mdogo huielewa hesabu hiyo. Nilipofika kwenye matawi ndipo nilipokwama. Tumezoea kusema kwamba miti isiyopukutisha majani, kama msonobari, mwerezi na mberoshi, ni ishara ya uzima wa milele tunaoupata katika Kristo, nami nilikuwa nimejiandaa kusema hivyo hivyo. Lakini mwamini mwenzangu, mtu ninayemheshimu na anayeyajua Maandiko, alinizuia kwa hoja tatu. Kwanza alinisomea Yeremia sura ya 10, mahali nabii anapokemea watu wanaokata mti mwituni na kuupamba kwa fedha na dhahabu. Pili alisema kwamba desturi hii ni ya wapagani wa kale, nasi tumeipokea bila kuichunguza. Tatu akasema kwamba tawi likishakatwa limekwisha kufa, na kwamba kabla Majilio hayajaisha litakuwa linakauka na kupukutika juu ya meza. Basi nitawezaje kumwambia mtoto kuwa hiyo ndiyo sura ya uzima usiokoma?

Hoja mbili za kwanza naamini zina majibu, ingawa sijui kuyapanga. Hiyo ya tatu imenikosesha usingizi. Naomba msaada wenu.

---

Msomaji wa Historia ya Kanisa anajibu:

Mwalimu, nianze na Yeremia kwa kuwa jambo lake ni fupi. Msomaji asiyeishia aya ya 4, akaendelea hadi ya 5, ataona kwamba mti unaozungumzwa pale ni sanamu iliyochongwa na fundi: haisemi, haitembei, hubebwa na watu, na nabii anawaambia wasiiogope. Kinachokemewa ni kukipa kitu cha mbao heshima ya Mungu, na sijawahi kumwona Mkristo akilisujudia shada la Majilio.

Kuhusu wapagani, ni kweli kwamba Warumi walipamba nyumba zao kwa matawi mabichi katika sikukuu ya kufungua mwaka, na Kanisa lilijua hivyo tangu mwanzo. Swali ambalo Kanisa lilijiuliza ni nini kifanyike na furaha ya watu wanaoongoka. Mwaka 601 Papa Gregori Mkuu alimwandikia abati Mellitus, aliyekuwa njiani kwenda Uingereza, kwamba sanamu zivunjwe lakini mahekalu yasibomolewe, bali yatakaswe, na kwamba siku za sikukuu watu waruhusiwe kujijengea vibanda vya matawi kuzunguka makanisa. Mtu anayeikumbuka Sikukuu ya Vibanda, na jinsi Nehemia 8:15 inavyowatuma watu mlimani kuleta matawi ya mzeituni, ya mhadasi na ya mtende, hatashangazwa na ruhusa hiyo.

Kuna hadithi mbili ambazo ningekuomba usiwafundishe watoto kana kwamba ni historia. Moja husema kwamba Mtakatifu Bonifasi, alipoukata mwaloni wa mungu Donar kule Ujerumani katika karne ya 8, aliuona msonobari mchanga ukichipua mahali pale. Willibald, aliyeandika maisha yake katika karne hiyo hiyo, anasema tu kwamba mbao za mwaloni zilijengea kanisa dogo la Mtakatifu Petro. Habari ya msonobari iliongezwa baadaye sana. Nyingine ni ile ya Martin Luther kuwasha mishumaa juu ya mti baada ya kuona nyota msituni. Inapendeza, lakini hakuna mtu wa wakati wake aliyeiandika.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote hauhusu Noeli bali maziko. Gulielmo Durandus, askofu wa Mende huko Ufaransa, aliyefariki mwaka 1296, aliandika kitabu kikubwa kinachoeleza maana ya ibada na vyombo vya kanisa. Humo anasema kwamba majani ya mlaureli, au ya mimea mingine inayodumu katika ubichi wake, yalitandikwa chini ya mwili wa Mkristo ndani ya jeneza la mawe, kuonyesha kwamba wanaokufa katika Kristo hawaachi kuishi. Maana hiyo unayotaka kuwafundisha watoto, basi, ilikuwa imekwisha kuandikwa zaidi ya miaka 300 kabla ya taarifa ya mwaka 1605 inayotueleza kwamba wakazi wa Strasbourg walisimamisha misonobari sebuleni na kuipamba kwa matufaha, mikate myembamba na maua ya karatasi. Hata matufaha yale hayakuwekwa ovyo: tarehe 24 Desemba ilikuwa siku ya kuwakumbuka Adamu na Hawa, na mti uliotundikwa matufaha ulisimama katika michezo ya kuigiza ya Paradiso.

Shada lenyewe ni changa zaidi. Mchungaji Johann Hinrich Wichern, aliyelea watoto maskini huko Hamburg, alitengeneza mwaka 1839 gurudumu la mbao lenye mishumaa mikubwa minne ya Jumapili na mingine midogo ya siku za kati, ili watoto waliokuwa wakimwuliza kila siku Noeli itafika lini waone wenyewe. Matawi mabichi yaliongezwa baadaye, na katika karne ya 20 Wakatoliki nao wakalipokea.

---

Mzee wa Usharika anajibu:

Nimesoma maelezo ya ndugu yetu kwa makini, nami nayashukuru, lakini naona ametuletea upande mmoja tu wa mashahidi. Mwanzoni mwa karne ya 3 Tertuliano wa Carthage, katika andiko lake dhidi ya ibada ya sanamu, aliwakemea vikali Wakristo waliotundika matawi ya mlaureli na taa kwenye milango yao katika sikukuu za Warumi, akisema kwamba mtu aliyeyakana mahekalu asiufanye mlango wake kuwa hekalu. Na katika Strasbourg ile ile iliyotajwa, mhubiri wa Kilutheri Johann Konrad Dannhauer alilalamika, katikati ya karne ya 17, kwamba watu wanajishughulisha na mti kuliko Neno la Mungu.

Mimi siyasemi haya ili kuiondoa desturi. Nayasema kwa sababu nimeona Majilio mengi ambamo kamati ilikutana mara nne kuhusu mapambo na isikutane hata mara moja kuhusu toba, ilhali sauti ya Yohana Mbatizaji katika Majilio ni kutuambia tuitengeneze njia ya Bwana. Mwalimu akiwaeleza watoto kuhusu matawi bila kuwaeleza wanayemngoja ni nani, ishara itakuwa imemmeza mwenye ishara.

---

Mtunza Misitu anajibu:

Mimi si mwanateolojia, ila miti ndiyo kazi yangu, na ningependa kusahihisha jambo moja ambalo hurudiwa sana. Tunasema kwamba miti hii haipukutishi majani. Inapukutisha. Anayetembea chini ya msonobari hukanyaga zulia la sindano kavu. Tofauti yake na miti mingine ni kwamba haiangushi majani yote kwa pamoja: jipya huwa limekwisha kukomaa kabla la zamani halijaanguka. Katika misonobari mingi sindano moja huishi miaka michache tu, ingawa iko misonobari mikongwe katika milima ya magharibi mwa Marekani, ambayo baadhi yake imepita umri wa miaka 4,000, ambamo sindano yaweza kudumu zaidi ya miaka 30. Kwa hiyo ubichi wa mti huu hautokani na kutoguswa na kifo. Unatokana na kufanywa upya bila kukoma. Ningekuwa nafundisha watoto ningewasomea 2 Wakorintho 4:16, mahali Mtume Paulo anaposema kwamba utu wetu wa nje unachakaa, lakini ule wa ndani unafanywa upya siku kwa siku.

Jambo la pili ni kuhusu majira. Watu hudhani kwamba adui wa mti wakati wa baridi kali ni baridi yenyewe, kumbe kwa sehemu kubwa ni kiu. Maji ya ardhini yakiganda, mizizi haiwezi kuyanywa, na mti wenye majani mapana ungepoteza maji yake yote hewani. Ndiyo sababu huyaangusha na kulala. Sindano ya msonobari ni nyembamba, imepakwa nta, na vitundu vyake vya kupumulia vimezama ndani, hivyo hutunza kile kidogo ilicho nacho. Kwa mtoto ambaye hajawahi kuona theluji, basi, ishara hii haijapoteza maana: mwelekeze kwenye mti unaobaki mbichi wakati wa ukame. Yeremia yule yule wa sura ya 10, katika 17:8, anamfananisha mtu anayemtumaini Bwana na mti uliopandwa kando ya maji, ambao hauogopi hari ijapo, na jani lake hubaki bichi hata katika mwaka wa uchache wa mvua.

---

Katekista anajibu:

Mzee wangu, neno lako kuhusu toba nalipokea kwa mikono miwili. Hata hivyo, naomba tuwasikilize wale mashahidi wako wawili hadi mwisho wa maneno yao. Tertuliano, katika sura ile ile anayoyakataza matawi mlangoni, anamwambia Mkristo kwamba yeye mwenyewe ni nuru ya ulimwengu na mti wenye ubichi wa daima. Dannhauer naye, alipotaka kuwaondoa watoto kwenye ule mti wa sebuleni, alisema ni heri waelekezwe kwenye mwerezi wa kiroho, Yesu Kristo. Tazama jinsi watu hawa wawili, waliotengwa na miaka zaidi ya 1,400, walivyolikataa tawi na bado hawakupata picha bora kuliko mti mbichi ya kumweleza Mkristo na kumweleza Kristo mwenyewe. Hosea alikuwa amewatangulia: katika 14:8 Mungu anajifananisha na mberoshi wenye majani mabichi.

Sasa nije kwenye hoja ya tatu, Mwalimu, ile iliyokukosesha usingizi. Nadhani mwenzako ameona jambo la kweli ambalo wengi wetu tunalipita. Tawi lile limekatwa, na litakauka. Lakini Injili haijaficha habari hiyo. Katika Luka 23:31 Bwana Yesu, akiwa njiani kwenda Kalvari, anawaambia wanawake wa Yerusalemu kwamba, ikiwa mti mbichi unatendewa haya, itakuwaje kwa mti mkavu? Mti mbichi ni yeye, na ulikuwa unakwenda kukatwa. Isaya 53:8 inasema alikatiliwa mbali na nchi ya walio hai. Uzima wa milele tunaouhubiri haukutufikia kwa njia ya mti uliosimama salama msituni usiguswe na shoka. Ulitufikia kupitia ule uliokatwa. Kwa hiyo tawi lililokatwa lingali bichi juu ya meza linasema ukweli zaidi ya tulivyodhani.

Na linapokauka, hapo pia linafundisha, kwa kuwa Yohana 15:6 inasema tawi lisilokaa ndani ya mzabibu hutupwa nje na kunyauka. Ubichi ule haukuwa mali ya tawi hata siku moja. Lilikuwa likiupokea kutoka kwenye shina. Usiwafiche watoto sindano zilizoanguka. Waache waziokote, kisha uwaulize kwa nini zimeanguka, na utashangaa jinsi watakavyolifikia jibu wenyewe.

Naongeza jambo moja. Nabii wa Majilio kuliko wote ni Isaya, na picha yake kuu ya mti katika 11:1 ni kisiki: chipukizi litatoka katika shina la Yese. Ukoo wa Daudi ulikuwa umekatwa hata hakuna aliyetazamia jani, ndipo Mungu akalitoa. Mti mbichi daima unatueleza uzima wa Mungu ulivyo. Kisiki kinachochipua kinatueleza jinsi uzima huo ulivyotufikia sisi tuliokuwa tumekufa. Papa Yohane Paulo II, katika hotuba yake ya Desemba 19, 2004, alisema kwamba katika majira ya baridi mti mbichi huwa ishara ya uhai usiokufa, nami nakubaliana naye, ila ningependa watoto wakione pia kile kisiki.

---

Mwalimu wa Watoto anajibu:

Nawashukuru nyote, na wewe Mzee hasa, kwa sababu umenifanya niupange upya mwanzo wa somo: tutaanza na Yohana Mbatizaji, kisha ndipo tuende kwenye matawi.

Nimempelekea mwenzangu yale ya Luka 23:31. Alinyamaza kwa muda, akaniambia kwamba ameusoma mstari huo miaka mingi bila kuuhusisha na Majilio, na ameomba aje kuufundisha yeye mwenyewe. Nimempa Jumapili ya pili. Nimekwisha pata kipande cha kisiki, tutakiweka katikati ya shada, na matawi yatakayokauka hatutayabadilisha.